Boti ya wekibodi iliyotumika: mwaka wa kutengenezwa hautoshi

Mhariri,

Kila msimu wa watalii unapokaribia, matangazo ya boti zilizotumika za kuvutia wachezaji wa wekibodi, yaani ubao wa kutelezea juu ya maji huku mtu akivutwa kwa kamba, huongezeka. Nyingine zinatoka Ghuba, nyingine Marekani, na chache ziko hapa hapa pwani zikibadilisha mwenyewe. Karibu zote hutangazwa kwa mambo matatu tu: mwaka, saa za injini na bei. Wanunuzi wetu, wengi wao wenye hoteli ndogo au vijana waliochanga mtaji wa michezo ya majini, huyapima hayo matatu kisha wakachukua iliyo mpya kadiri mfuko unavyoruhusu. Sisi tunaozifungua boti hizi tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze kwa nini kipimo hicho kinapotosha, na mtu atazame nini.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanakichanganya na boti za kawaida za mashine ya nyuma. Boti ya wekibodi ina injini ndani, kwa kawaida V8 ya petroli ya ukoo wa magari ya Marekani. Injini inazungusha shafti inayotokea chini ya boti, na propela iko chini ya sakafu, mbele ya usukani wa majini, mbali na miguu ya mtu aliye majini. Juu kuna mnara wa aluminiamu wa kufungia kamba. Ndani kuna matangi au mifuko ya kujaza maji, yaani farumi, ili boti ikae chini na kuacha wimbi kubwa nyuma yake. Mchezaji huvutwa kwa kamba ya mita 20 hivi, mwendo wa kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Majina makubwa ni Nautique za Correct Craft, MasterCraft na Malibu, zote za Marekani. Na hapo ndipo tatizo letu linapoanzia: vyombo hivi vilibuniwa kwa maziwa ya maji matamu, vilale juu ya trela wiki nzima, viguse maji Jumamosi. Sisi tunavitia maji chumvi, kazi ya kila siku, na mara nyingi vinalala majini.

Kwa hiyo swali la zamani au mpya lina jibu tofauti huku kwetu. Tunazigawa boti hizi katika vizazi vitatu, na mpaka kati ya kizazi na kizazi ni mabadiliko ya mfumo.

Kizazi cha kwanza ni zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Nyingi zilijengwa kwa mchezo wa ski ya majini, zikabuniwa makusudi ziache wimbi dogo. Ukinunua Ski Nautique ya mwaka 1989 kwa ajili ya wekibodi, umenunua chombo kizuri cha kazi nyingine. Mnara hakuna, au umefungwa baadaye na mtu fulani. Injini ni ya kabureta, mara nyingi GM ya lita 5.7 au Ford ya lita 5.8. Kabureta hatuilaumu, fundi yeyote wa Mtwapa au Nungwi anaifungua na kuisafisha asubuhi moja. Kinachotutia shaka ni mihimili ya chini inayobeba injini. Katika boti nyingi za enzi hizo mihimili hiyo ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Correct Craft waliacha mbao mwaka 1993. Wengine kwa nyakati zao. Maji yakipenya kwenye tundu moja la skrubu, mbao huoza ndani kwa ndani huku faiba ya juu inang'aa.

Kuijua mbao iliyooza hakuhitaji kifaa cha maajabu. Chukua nyundo ya plastiki, inua vifuniko vya sakafu, gonga muhimili kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipooza sauti hudumaa. Kisha weka spana kwenye boliti zinazoshikilia miguu ya injini. Boliti iliyoingia kwenye mbao nzima hukataa. Ikizunguka tu bila kukaza wala kutoka, mbao chini yake imegeuka unga. Mwishowe toa skrubu mbili tatu za sakafu karibu na injini: zikitoka na kutu na tone la maji meusi, acha hapo hapo. Kuijenga upya mihimili ni kuondoa injini, sakafu na tangi la mafuta. Gharama yake hupita bei ya boti yenyewe.

Kizazi cha pili ni cha tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2009. Hiki ndicho tunachokipendekeza kwa mtu anayeanza biashara pwani, na hatulisemi kwa kubahatisha. Kampuni hizo kubwa tatu zilishaachana na mbao. Mnara unatoka kiwandani. Injini nyingi ni V8 ya GM ya lita 5.7 yenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa umeme, na kompyuta yake ni ya familia ya MEFI, ambayo programu ya Diacom huisoma kwa kompyuta mpakato na waya mmoja. Bado hakuna vichujio vya kemikali vya kusafisha moshi ndani ya eksozi. Farumi ya kiwandani ni ya wastani na pampu zake ni swichi tatu za kawaida kwenye dashibodi. Swichi ikifa, unaweka nyingine.

Kizazi cha tatu kinaanza na modeli za 2010. Mwaka huo sheria ya mazingira ya Marekani iliwalazimisha watengenezaji wa injini za ndani kuweka vichujio hivyo kwenye eksozi. California walitangulia mwaka 2008. Halafu kuanzia modeli za 2013 Malibu wakaja na Surf Gate na Nautique wakaja na mfumo wao, vibao vinavyosogea nyuma ya boti ili mtu ateleze kwenye wimbi bila kushika kamba, kwa mwendo mdogo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Mchezo huo ndio uliobadilisha boti nzima. Wimbi la namna hiyo linataka uzito, kwa hiyo boti zikanenepa: za kizazi cha pili nyingi ni kama tani moja na nusu zikiwa tupu, ilhali kubwa za sasa hukaribia tani tatu, na farumi huongeza tani moja na zaidi. Kila kitu kikaunganishwa kwenye kioo kimoja cha kugusa: mwendo, farumi, vibao, taa, muziki.

Kwenye ziwa la Tennessee hayo ni raha. Kwenye hori ya Kilifi, hesabu inabadilika. Maji chumvi yakirudi nyuma kwenye eksozi huua kichujio na vihisi vya oksijeni vilivyo mbele na nyuma yake, na vitu hivyo havipatikani duka la vipuri la barabarani. Kioo kikizima, boti nzima inazubaa pamoja nacho: huwezi kujaza farumi wala kushikilia mwendo, ingawa injini ni nzima. Baadhi ya injini za karibuni hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo wa zaidi ya bar 100. Hapo pampu na nozeli hazitaki kuguswa na mtu asiye na vifaa vyake. Na mafuta: boti ya kizazi cha pili ikivuta wekibodi hunywa kama lita 15 hadi 25 kwa saa, wakati boti nzito iliyojazwa farumi kwa ajili ya wimbi bila kamba hufika 30 hadi 40. Anayeuza safari kwa nusu saa apige hesabu hiyo kabla ya kupenda rangi.

Hatusemi boti mpya ni mbaya. Hoteli yenye fundi wake, bajeti ya vipuri na wageni wanaotaka hasa ule mchezo wa wimbi bila kamba haitatosheka na ya 2004, hata uipakie mifuko mingapi. Lakini kwa wekibodi yenyewe, wimbi la boti nzuri ya 2003 yenye farumi ya kilo 500 linamtosha mchezaji yeyote atakayefika kwetu, na bingwa pia.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko mwaka, saa na chapa vikijumlishwa: injini inapozwa vipi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, pampu huvuta maji ya nje, yakapita ndani ya bloku, kwenye manifoldi za eksozi (mabomba ya chuma yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), yakatoka. Ya pili, ndani ya bloku kuna maji yake na kulanti kama gari, na maji ya nje hupita tu kwenye kipozeo, hayagusi bloku. Boti nyingi za ziwani zilitoka kiwandani kwa njia ya kwanza kwa sababu ni nafuu na ziwani haina madhara. Chumvini, bloku ya chuma cha kumimina inaoza kutoka ndani. Kuitambua njia ya pili ni rahisi: tafuta tangi dogo lenye kifuniko cha presha kama cha rejeta, na chupa ya akiba ya kulanti pembeni. Usidhani kwamba kila boti ya baada ya 2010 inayo. Kwa baadhi ilikuwa ni nyongeza ya kulipia. Na ukiikuta, uliza kama inafunika bloku peke yake au na manifoldi pia, kwa sababu katika nyingi manifoldi bado hupitisha chumvi.

Thermostati nayo inasimulia. Injini inayopozwa kwa maji chumvi moja kwa moja hutakiwa kuwa na thermostati ya nyuzi 62 hivi za Selsiasi, kwa kuwa zaidi ya hapo chumvi huanza kuganda kwenye njia za maji. Nyingi za ziwani zina ya nyuzi 71. Boti iliyoletwa kutoka ziwani ikatiwa chumvini bila kubadilishiwa thermostati hujiziba taratibu, na mwenyewe ataona geji inapanda kidogo kidogo kila mwezi akadhani ni pampu.

Manifoldi na viwiko vyake vya eksozi ni vitu vya kuisha, kama matairi. Maji chumvi huvimaliza kwa miaka mitano hivi. Vikitoboka kwa ndani, maji hushuka kwenye silinda injini ikiwa imezimwa, na asubuhi stata inagonga tu. Muulize muuzaji vilibadilishwa lini na akuonyeshe risiti. Hana? Toa kiwiko kimoja utazame uso wa kiungo chake: ukiona mstari wa kutu unaokatiza gasketi kutoka njia ya maji kwenda njia ya moshi, hesabu seti nzima kwenye bei, upande wa kushoto na wa kulia.

Ndiyo maana boti ya mwaka 2015 iliyofanya kazi Ghuba, kwenye bahari yenye chumvi nyingi kuliko hii yetu, inaweza kuwa imechakaa kuliko ya 2002 iliyoishi ziwani. Lakini ya ziwani nayo ina ugonjwa wake, ambao fundi wa Mombasa au Tanga hana sababu ya kuufikiria: barafu. Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, boti inayopozwa kwa maji ya nje isipomwagwa maji yote kabla ya baridi, maji yaliyobaki ndani ya bloku huganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuipasua. Ufa hukaa ubavuni mwa bloku, chini ya manifoldi, mahali tochi haifiki vizuri. Wapo wanaouziba kwa gundi ya chuma, wakapaka rangi ya injini juu yake na kuiuza mbali. Pitisha kidole chini ya manifoldi pande zote mbili. Ukigusa mstari uliovimba, au rangi mpya mahali pamoja tu, una jibu. Kisha chomoa kijiti cha oili baada ya injini kuzunguka dakika 20: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji.

Tukifika kwenye majaribio, hakikisha injini ni ya baridi unapofika. Weka kiganja kwenye manifoldi. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha ugumu wa kuwaka, na una haki ya kurudi kesho. Kabla ya kuwasha, endesha feni ya kutoa hewa kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) kwa dakika 4 huku kifuniko kiko wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini.

Hapo hapo kagua jenereta, stata na kabureta kama ni za baharini. Hili limeenea hapa kwetu mno. Kwa kuwa V8 ya GM inafanana na ya gari, jenereta ikifa mtu anakwenda gereji za magari na kufunga ya Chevrolet. Inaingia sawasawa na inachaji. Lakini za baharini zimezibwa ili cheche zisitoke nje, za gari haziko hivyo, na kabureta ya gari ikifurika humwaga petroli nje wakati ya baharini huirudisha ndani ya koo lake. Cheche na mvuke vikikutana kwenye ngama, boti inalipuka. Hata gasketi za hedi na vizibo vya bloku vya gari ni chuma cha kawaida. Chumvi inavila upesi. Ukikuta kipuri kimoja cha gari, fikiri kuna vingine.

Pima mgandamizo wa silinda zote nane: injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi ukatwe, kabureta au mlango wa hewa uwe wazi kabisa. Namba yenyewe inategemea injini, ila tofauti kati ya silinda bora na dhaifu isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Presha ya oili, injini ikiwa ya moto, iwe angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000.

Oili ya gia boksi ni ATF (oili ya gia za otomatiki) nyekundu kwa gia nyingi za boti hizi, zikiwemo Velvet Drive. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizoteleza, ishara ya boti iliyofanyishwa kazi ikiwa na farumi kupita kiasi. Ya waridi inayofanana na maziwa ya strobari ina maji, kwa kawaida kutoka kwenye kipozeo kilichotoboka. Boti zenye injini nyuma kabisa, chini ya kitanda cha jua, zina gia ya umbo la V, na katika za zamani gia hiyo ina oili yake peke yake. Wengi hawajui ipo, kwa hiyo haijawahi kubadilishwa.

Fungua pampu ya maji ya nje. Impela ya mpira ibadilishwe kila mwaka au kila saa 100, lipi litangulie. Ukikuta mabawa mawili hayapo, usiridhike kuweka mpya. Vipande hivyo vimekwenda mahali, na mara nyingi hukwama kwenye njia za maji ya kupoza, mdomo wa kipozeo cha gia ukiwemo. Usipovitoa, injini itaendelea kupata joto na utabadilisha impela mara tatu bila kujua kwa nini.

Kisha majini. Simama juu ya ngama uangalie shafti inapotoka. Mfumo wa zamani wa kuzuia maji yasiingie hapo una kamba ya nta iliyobanwa na nati. Unatakiwa udondoshe matone machache, ndiyo upoze wake. Fundi aliyeikaza hadi isidondoshe hata kidogo ameianza safari ya kuichimba shafti. Mfumo mpya haudondoshi, lakini una mpira mdogo wa kuuletea maji. Ukiziba, nyuso zake huungua. Ukisikia mtetemo kuanzia mizunguko 2,000 unaoongezeka na mwendo, shafti au propela imepinda, au injini imekaa upande. Mpangilio hupimwa boti ikiwa majini, kwenye kiungo cha gia na shafti, kwa geji ya nyembe: tofauti isizidi inchi 0.003, yaani chini kidogo ya milimita 0.08. Mwendo wote ukifunguliwa, mizunguko ifikie ile iliyotajwa kwenye kitabu cha injini, kwa nyingi kati ya 4,400 na 5,000. Ikiishia 3,800, tafuta propela isiyo yake au injini iliyochoka.

Jaza na umwage farumi yote. Boti mpya hasa. Kila tangi lijae, kila tangi liishe, na saa mkononi. Pampu za impela zikizunguka kavu hufa kwa dakika chache, na tangi la upande mmoja lisilomwagika huiacha boti imelala upande. Kumbuka maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2 na nusu hivi. Kwa boti za zamani zenye kingo fupi, mifuko mikubwa omoni ni hatari: boti ikipunguza mwendo ghafla, wimbi lake lenyewe huingia kwa mbele.

Chini ya boti kuna mapezi ya kushika mwelekeo, mkono wa shafti, propela na usukani, vyote vimening'inia. Chombo cha namna hii hakitakiwi kupwelewa. Ngalawa na boti ya mashine ya nyuma unaweza kuiacha ikae mchangani maji yakitoka. Hii ikikaa, uzito wote unalalia shafti. Kwenye bamvua, maji yanapotoka kwa mita tatu na zaidi, boya la kufungia lazima liwe kwenye kina hata kwenye kupwa kwa mwisho. Ukikagua boti iliyokuwa ikifungwa pwani, lala chini uangalie mapezi: yaliyochubuka pande zote mbili yanasema imewahi kukaa kavu. Tikisa propela juu na chini. Shafti ikicheza, mpira wa ndani ya mkono umekwisha. Na boti nyingi za ziwani hazina hata zinki moja, yaani kipande cha kuliwa na chumvi badala ya vyuma vya boti, kwa kuwa hazikutarajiwa kulala majini. Weka, kabla shafti na usukani havijaanza kuliwa.

Mnara ukague kwenye bawaba na kwenye boliti zake: rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu nyeupe ya aluminiamu chini yake, na nyufa nyembamba za jelikoti (tabaka la nje linalong'aa la faiba) zinazotawanyika kutoka kwenye boliti zinaonyesha kuwa uliwahi kubebeshwa kupita kiasi.

Mwaka wenyewe, ikiwa bado unautaka, usiusome kwenye tangazo. Boti za Marekani zina namba ya alama 12 iliyochongwa tezi, upande wa kulia juu. Herufi tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: CTC ni Correct Craft, MBC ni MasterCraft. Alama nne za mwisho, kwa boti za tangu katikati ya miaka ya 1980, ni mwezi kwa herufi, A ikiwa Januari, tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuundwa, kisha tarakimu mbili za mwaka wa modeli. H405 ni boti iliyoundwa Agosti 2004 ikauzwa kama modeli ya 2005. Namba hiyo ifanane na iliyo kwenye hati, kwani ndiyo mkaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini, KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara au Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar atakayoitazama. Saa nazo, kwa injini zenye kompyuta, zisome ndani ya kompyuta ya injini. Geji ya dashibodi hubadilishwa kwa skrubu nne.

Kuna jambo la usalama tunaloliona likifanywa ufukweni nalo halina mjadala. Wapo wanaojaribu mchezo wa wimbi bila kamba nyuma ya boti ya mashine ya nyuma kwa sababu ile ya injini ya ndani ni ghali. Mchezaji yuko mita chache tu kutoka tezi. Akianguka, kwenye boti ya mashine ya nyuma propela iko pale pale alipo. Mchezo huo ni wa boti yenye propela chini ya sakafu peke yake. Hata kwenye hiyo, asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwa inazunguka: moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huzunguka nyuma ya boti hata upepo wa kusi ukivuma.

Trela mara nyingi husahaulika hadi siku ya bandarini. Za Marekani kwa boti nzito hutumia tufe la kuunganishia trela na gari la inchi 2 na 5/16, karibu milimita 59, wakati magari yetu mengi yana la milimita 50. Likiwekwa kwenye kichwa kikubwa hukaa, ila litaruka kwenye tuta la kwanza. Badilisha tufe, na fungua beringi za magurudumu kabla ya safari ya kwanza, hasa kama trela limekuwa likizamishwa chumvini.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kuhusu ukurasa wa matangazo. Anayetangaza boti ya aina hii aombwe kuongeza mambo manne: injini inapozwa kwa maji ya nje au kwa kulanti, boti ilitumika ziwani au baharini, manifoldi zilibadilishwa mwaka gani, na ile namba ya alama 12. Yote yanaingia kwenye mistari miwili.

Mafundi wa injini za boti,
Mtwapa, Kilifi